Sauti Iliyotoka Stoo

"Mwamini, hivi ule wimbo wako usio na maneno, ndio ataingia nao bibi harusi wenu?"

Chausiku aliniuliza hivyo kutoka upande wake wa ukuta, mikono imejaa unga wa muhogo. Mimi nilikuwa upande wangu natwanga majani ya muhogo, sombe. Nikadhani ananitania. Tumekuwa majirani tangu sote tulipokuwa tukibeba watoto mgongoni, na utani wake hauchagui mgonjwa wala aliyefunga.

"Wimbo gani? Mimi mara ya mwisho kuimba nilikuwa darasa la tano, na mwalimu akaniomba nifumbe mdomo."

"Usinifanye mtoto, shoga. Sauti yako naijua. Ujiji yote wanaupiga, hata kule mtaa wa Mwanga. Mama yake Nuriati keshatangaza kwamba mwanawe ataingia ukumbini na huo."

Nuriati ni mchumba wa mwanangu Yasini. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

"Basi uweke na mimi niusikie huo wimbo wangu," nikamwambia huku nacheka.

Akajifuta unga kwenye kanga, akaingia ndani, nikamsikia anaongea na boksi lake la nyimbo. "Weka ule wa Bi Mwamini."

Ilikuja ngoma kwanza, ya taratibu. Ikafuata fidla. Halafu nikasikia pumzi, pumzi ya mtu anayevuta hewa na hewa haiji. Sauti nyembamba ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, na kila ilipokatika palikuwa na kwikwi, na juu ya kila kwikwi wameweka pigo la ngoma. Kwikwi, pigo. Kwikwi, pigo. Nilikuwa nimeushika mchi hewani na sikumbuki nimeuinua lini.

Alikuwa ni mimi. Nilikuwa namlilia mume wangu.

Walikuwa wameondoa kamasi. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kwamba kilio kimeoshwa. Mtu anayelia hivyo anavuta kamasi, anakohoa, anajifuta. Hapo hapakuwa na hayo. Kilikuwa kilio kisafi, kimepigwa pasi, kimevalishwa.

"Si mtamu?" Chausiku akarudi ukutani. "Mimi ndio naupikia. Ukianza tu, mikono inafanya kazi yenyewe. Na mwisho pale unapofanya hii-hii-hii, Mzee wangu anatikisa kichwa mpaka kofia inadondoka."

Mate yakanijaa mdomoni, nikageuka nikayatema kwenye majivu. Nilijisikia kama mtu aliyekuta nguo yake ya ndani imetandikwa mezani kwa watu, na watu wameweka sahani juu yake, wanakula, wanaisifia rangi.

"Uzime."

"Mbona tena?"

"Uzime, Chausiku."

Aliniangalia usoni, akaingia ndani kuuzima. Aliporudi hakunitania. Aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni jua.

*

Boksi kama hilo liliingia kwangu nikiwa eda.

Mume wangu, Mzee Shomari, alikuwa muadhini hapa Ujiji tangu ujana wake mpaka sauti ilipoanza kumkwaruza. Alifariki masika yaliyopita. Kwenye misiba ya watu, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wanawake: lieni, machozi hayana dhambi, lakini mayowe acheni. Kwa hiyo msiba uliponifika sikupiga yowe. Nilikaa kwenye mkeka na tasbihi yangu, watu wakaingia, wakatoka. Kilichonizidi nilikibeba mpaka stoo, nyuma ya madumu ya mawese, nikafunga mlango, nikajaza kanga mdomoni.

Yasini ni fundi wa mitambo ya majumbani. Aliniona siku zinapita sitoki, akasema, "Mama, nikufungie seva. Utasikiliza Kurani, utasikiliza kaswida, utamsikiliza na Baba."

Sikuona ubaya. Tangu makampuni makubwa yalipofunga maghala yao ya nyimbo huko ng'ambo, kila nyumba inajiwekea zake. Alikuja na kompyuta kuukuu iliyotupwa ofisini, akaifungua, akaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Akatia diski mbili, akanieleza kwamba zote zinabeba kitu kile kile, moja ikifa nyingine inaendelea. Akavuta waya mpaka kwenye rauta, na mwingine mpaka juu ya bati, kwenye kile kisahani kinachozungumza na visahani vya nyumba nyingine. Kisha akatoa kaseti za baba yake: adhana, darasa alizowasomesha watoto, Maulidi ya miaka ya nyuma. Akazicheza moja baada ya nyingine kwenye redio ya zamani, na boksi likawa linazinywa.

Akaliweka stoo. Alisema mashine zinataka ubaridi, na stoo ndiyo yenye ubaridi, na hakuna anayeingia. Hakujua kwamba mimi naingia, na sikuacha kuingia.

Boksi lilipouliza jina la mwenye nyumba, aliandika la baba yake. Nilikuwa nimekaa pale pale, niliona. Kwetu hatukimbilii kulitoa jina la marehemu. Mita ya umeme ina jina lake, barua za mtaa zinakuja kwa jina lake, na mtu akiuliza njia anaambiwa ni kule kwa Mzee Shomari. Kuandika jina jingine ingekuwa kama kumsukuma mlangoni na udongo bado haujakauka. Nilimwona mwanangu ana adabu, nikamwombea dua.

*

Yasini alirudi baada ya alasiri. Nilimwekea ugali na samaki wa mgebuka, nikakaa kando nikamwangalia anakula. Alikuwa na furaha ya mtu anayeoa. Alinieleza habari za mahema, habari za mpishi, habari za mjomba anayetaka kuja na watu wake wote. Nilimwacha amalize. Alipokuwa ananawa ndipo nikamuuliza.

"Ulikisikia lini kilio changu?"

Maji yaliendelea kumwagika mkononi na mkono wenyewe umesimama.

"Kilio gani, Mama?"

"Hicho mnachokichezea ngoma."

Akaliweka birika chini. Yasini hajui kudanganya haraka, anahitaji muda, na mimi sikumpa.

"Sikukitengeneza mimi," akasema. "Ni Msikizi."

"Msikizi ndiye nani?"

"Ni programu iliyomo ndani ya seva. Kazi yake ni kusikiliza nyumba ikoje, ichague wimbo. Nyumba ikiwa na huzuni inaweka cha upole, ukija ugeni inachangamsha. Sasa nyumba hizi zinalishana nyimbo, Mama, na nyumba isiyotoa haipokei. Yetu ilikuwa na Kurani na kaswida tu, na hizo kila nyumba inazo. Hatukuwa na kitu cha kutoa. Ndipo Msikizi ikatafuta humu ndani ni kitu gani ambacho wengine hawana."

"Ikanipata mimi."

"Ikakupata."

"Nimejifungia stoo, kanga mdomoni."

Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Na wewe ukakisikia kabla hakijatoka."

"Niliusikia, Mama." Sauti yake ikabadilika. "Niliusikia nikakaa chini, nikalia kama mtoto. Sikujua kama ulilia. Kwenye msiba ulikaa vile, macho makavu, tasbihi mkononi. Watu walisema. Mashangazi walisema waziwazi, mke wa marehemu hana hata chozi. Na mimi nikaanza kufikiri hivyo hivyo, kwamba labda hukumpenda Baba sana. Halafu nikausikia ule. Nikataka na wao wasikie."

"Ukawapelekea ushahidi."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mashangazi zako walitaka kuona machozi yangu, ukayachota kwenye kopo ukawapelekea. Na sukari umetia."

Aliinamisha kichwa. Ningeweza kumhurumia hapo, na kusema kweli nilianza. Mtoto aliyedhani mama yake hakumlilia baba yake amebeba mzigo mbaya. Lakini kuna jambo lilikuwa halijakaa sawa, na mimi jambo lisipokaa sawa huwa nalisubiri.

"Yasini. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, lakini sheria ya sauti naijua, ilitangazwa mpaka sokoni. Sauti ya mtu haitoki nje ya nyumba mpaka mwenye nyumba atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Nani aliyeridhia?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko makaburini."

Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Zile kaseti," akasema polepole. "Msikizi ikishapata sauti ya mtu ya kutosha, inaweza kumtamkisha neno asilowahi kulisema. Nilimtamkisha neno moja tu, Mama."

"Lipi?"

"Naridhia."

Niliondoa sahani mbele yake, ile miba ya mgebuka, ule mchuzi ulioanza kuganda pembeni, na harufu yake ikanipanda puani mpaka nikatoka nje kwenda kuimwaga yote. Kinywa kile kilikuwa kikiita watu kwenye swala. Kinywa kile hakikuwahi kumdanganya hata muuza dagaa. Na mwanawe amekichukua, amekifungua kwa vidole, amesukumia neno ndani.

Niliporudi nilimwambia, "Twende stoo."

*

Boksi lilikuwa na joto. Nililigusa, nikaufuta mkono kwenye nguo.

"Futa."

"Haiwezekani hivyo hivyo, Mama."

"Basi nachomoa waya."

"Usichomoe." Alinishika kiwiko. "Ukichomoa, nyumba inahesabika imehama. Wimbo unakuwa hauna mwenyewe, na wimbo usio na mwenyewe kila mtu anaufanya anavyotaka. Wataukata, wataushona, watautangazia sabuni. Hutaupata tena milele."

"Liambie boksi kwamba mwenyewe amekufa."

"Ni yale yale. Mwenyewe akifa bila kumtaja wa baada yake, nyimbo za nyumba zinakuwa za wote."

"Andika jina langu."

"Mwenye nyumba ndiye anayemtaja mwenye nyumba mpya. Kwa sauti yake."

Nikaanza kuelewa tunapokwenda, na nikatamani nisielewe.

"Kwa hiyo," nikasema.

"Kwa hiyo Baba aseme tena. Kidogo tu. Aseme, futa. Seva yetu ndiyo nyumba ya asili ya ule wimbo, ikifuta hapa unaondoka kila mahali kwa mara moja. Kwa Bi Chausiku, Mwanga, kote. Kesho mama yake Nuriati atautafuta hauoni, atalalamika kidogo, atachagua mwingine. Harusi itakwenda. Hakuna atakayejua ule ulikuwa nini."

Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Niliyaona yote kama alivyoyasema: ukuta wa Chausiku umekaa kimya, na mimi Ijumaa nimekaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi, hakuna mtu anayechezesha mabega juu ya kwikwi yangu. Na kulikuwa na tamaa nyingine chini ya hiyo, ambayo sikumwambia Yasini. Nilitaka kumsikia Shomari.

"Kama hutaki kuona, toka nje," Yasini akasema. "Nitafanya mwenyewe. Dhambi iwe yangu."

"Umeanza lini kugawa dhambi kama pilau?"

"Nakusaidia, Mama."

"Ulinisaidia na mara ya kwanza."

Labda nilichelewa kumwambia hapana. Labda aliona uso wangu. Alisema, "Sikiliza kwanza, ndipo useme," akagusa kioo cha boksi.

"Futa," akasema mume wangu.

Ilikuwa sauti yake, sina la kubisha. Ule mkwaruzo wa chini, ile namna ya kuumaliza mwisho wa neno kama anauweka mahali. Nikashika dumu. Kwa kitambo kidogo nilikuwa mke wa mtu.

Kisha nikaisikia tena kichwani, na nikaanza kuichambua kama ninavyochambua mchele. Shomari hakuwahi kusema neno bila kukohoa kidogo kwanza. Alikuwa mbishi. Ukimwambia sema hivi, anakuuliza kwa nini, na ukimjibu anakuuliza nani kasema. Mchana kutwa alikuwa anaweza kubishana na mimi juu ya chumvi. Huyu hakukohoa wala hakuuliza. Aliambiwa sema, akasema. Angeambiwa atukane angetukana kwa sauti ile ile nzuri. Angeambiwa anitaliki angenitaliki.

Nilimwona kama maiti aliyekalishwa kitini, mtu nyuma yake anamfungua taya na kulifunga.

Boksi likazungumza, kwa sauti yake lenyewe ya karani. "Mwenye nyumba, nimesikia futa. Tafadhali thibitisha."

"Bado neno moja," Yasini akanong'ona. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. "Athibitishe tu, imekwisha."

"Toa mkono."

"Mama."

"Toa mkono, Yasini. Baba yako hatasema tena humu ndani."

Aliutoa. Alikuwa anatoka jasho, na stoo ina baridi.

"Kuna njia nyingine?" nikamuuliza. "Usinifiche."

Alichukua muda wake, na safari hii nilimpa.

"Kila nyumba ina haki ya kuitoa nakala yake. Wenyewe kwa hiari yao. Lakini mpaka waombwe, Mama, mlango kwa mlango. Ni nyumba nyingi. Nyingine hata sizijui ni za nani."

"Na atakayekataa?"

"Kwake utabaki."

"Basi utakwenda kuwaomba."

Alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayedhani amesikia vibaya. "Nikawaambie nini?"

"Ukawaambie kwa kinywa chako, si cha mwingine. Kwamba ule si wimbo. Ni mama yako, alikuwa eda, amejificha analia. Ruhusa imetolewa na marehemu, na aliyemsemesha marehemu ni wewe. Uanze na wakwe zako."

"Harusi ni Ijumaa."

"Ndiyo maana uanze na wao."

"Watauliza mtu anayemtamkisha baba yake aliyekufa atashindwa nini kumfanyia binti yao."

"Wana haki ya kuuliza."

"Watavunja, Mama."

"Huenda."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, na ndani ya hasira nilimwona vile vile akiwa mdogo, anaponyang'anywa kisu.

"Unataka niaibike."

"Mimi nimeaibika mpaka Mwanga, na bado nimekupikia."

"Neno moja," akasema. "Neno moja na yote yanaisha, hujaumia wewe, sijaumia mimi, Baba mwenyewe hajui. Na wewe unachagua kilio chako kibaki kwenye masikio ya watu. Wengine watakataa. Unajua watakataa. Watakuwa wanakupigia harusini, vichochoroni, utapita sokoni utajisikia. Hicho ndicho unachokitaka?"

Sikukitaka. Nilijua nitakisikia kila nitakapopita kwenye dirisha la mtu lililo wazi. Kile kilikuwa changu peke yangu na Mungu wangu, na sasa watu watakipikia ugali mpaka nife.

"Kibaki," nikasema. "Atakayekataa kukitoa, kibaki kwake. Mimi niko hai, naweza kumwambia mtu usoni kwamba hukufanya vizuri. Baba yako hawezi. Kwa hiyo yeye ndiye wa kuachwa apumzike."

"Mwenye nyumba," boksi likasema, "nasubiri uthibitisho."

Hatukulijibu. Likauliza tena, kwa adabu ile ile, kisha taa yake ndogo ikazimika na ombi la kufuta likaanguka.

Yasini alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Alipita mbele yangu bila kunigusa, akaingia sebuleni. Juu ya kiti kulikuwa na kanzu aliyoshonewa na wakwe zake, imeletwa adhuhuri ile, pindo lake limedariziwa kwa mkono. Aliitazama. Nilidhani ataitupa. Aliikunja upya, mikono ndani, kama ilivyokuja, akairudisha kwenye mfuko wao, akaubeba chini ya kwapa, akavaa makubazi, akatoka, akashika njia ya kwa wakwe zake.